Saa kubwa za mkononi: mtindo wa kupita au zimekuja kukaa? Karibuni tujadili

#1 Fundi Majira

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi ni fundi saa, kijiwe changu kipo Kariakoo. Swali ninaloulizwa sana na wateja siku hizi ni hili: hizi saa kubwa, zenye kasha la upana wa milimita 46, 48 hadi 50, zitaendelea kuvaliwa, au baada ya miaka michache mtu ataonekana wa kale akizivaa? Kujibu kila mmoja dirishani ni kazi, nikaona nilete hapa jamvini.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusizungushane. Mtindo wa saa kubwa unaondoka, na huko ulikoanzia umeshaanza kufungasha virago zamani. Lakini zipo saa kubwa ambazo hazitaondoka, kwa sababu ukubwa wake una kazi. Kinachokufa ni ukubwa usio na kazi.

Tuanze nyuma kidogo. Kampuni ya Uswisi ya Patek Philippe walipoitoa saa yao ya Calatrava mwaka 1932, kasha lake lilikuwa na upana wa takriban milimita 31, na hiyo ilikuwa saa ya mwanamume mwenye nafasi yake mjini. Rolex Day-Date ilipotoka mwaka 1956 ilikuwa milimita 36. Zile Seiko 5 za wazee wetu, ambazo mpaka leo naletewa zikiwa zinatembea, nyingi zina 36 au 37. Hakuna mzee aliyelalamika kwamba hasomi majira.

Saa kubwa zilikuwepo miaka hiyo hiyo, ila zilikuwa vifaa vya kazi. Mwaka 1940 jeshi la anga la Ujerumani lilitengenezewa saa za marubani na waelekeza njia wao zenye upana wa milimita 55. Kampuni ya IWC walitengeneza, A. Lange & Söhne pia, na wengine watatu. Milimita 55, wakuu! Ile ilifungwa juu ya jaketi la kurukia kwa mkanda mrefu, na kichwa cha kurekebishia majira kilikuwa kinene ili rubani akishike akiwa na glavu. Italia nako, Panerai wa Florence waliwatengenezea wapiga mbizi wa jeshi la majini saa za milimita 47, na mashine zilitoka Rolex. Wale watu walikuwa wanakwenda chini ya maji usiku, wamepanda chombo chenye umbo la torpedo, kutega mabomu kwenye meli za adui. Namba lazima ziwe kubwa na ziwake gizani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpa saa ya milimita 31.

Sasa angalia kilichotokea baadaye. Siku ya Krismasi mwaka 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, yaani ya betri, kuuzwa madukani. Miaka kumi na tano iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilifunga milango, kwa sababu saa ya betri ya bei nafuu inatunza majira kuliko saa ya ufunguo ya bei ya gari. Saa ya mashine ikapoteza kazi yake ya kwanza. Ikabidi itafutiwe kazi nyingine, na kazi iliyopatikana ni kuonekana.

Hapo ndipo ukubwa ulipoingia. Mwaka 1993 Panerai waliwauzia raia saa zao kwa mara ya kwanza, milimita 44. Mwaka huo huo Audemars Piguet wakatoa Royal Oak Offshore ya milimita 42, nzito na nene, watu wakaiita mnyama. Kumbukeni kwamba Royal Oak yenyewe ya mwaka 1972, milimita 39, ilikuwa imebandikwa jina la Jumbo kwa ukubwa! Sylvester Stallone akaivaa Panerai kwenye filamu ya mwaka 1996, Arnold Schwarzenegger akashikana na Offshore, na mwaka 2005 Hublot wakaja na Big Bang ya milimita 44. Baada ya hapo kila kampuni ikaongeza milimita, na kampuni za mitindo ya nguo zikafika mpaka 50 na kupita.

Huko juu wameshageuka. Rolex Explorer ilipandishwa kutoka 36 hadi 39 mwaka 2010, mwaka 2021 ikarudishwa 36. Day-Date ilipewa toleo la 41 mwaka 2008, mwaka 2015 wakaja na la 40. Tudor Black Bay ilianza na 41 mwaka 2012, ikatoka ya 39 mwaka 2018, kisha ya 37 mwaka 2023. IWC wenyewe, wenye ile saa ya rubani ya milimita 46, mwaka 2021 wakatoa ya 43. Na Panerai, hao hao walioanzisha haya mambo, mwaka 2018 walitoa Luminor Due ya milimita 38. Mwenye shughuli akianza kukusanya viti, ujue ngoma inaelekea mwisho.

Karibuni. Anayepinga aje na hoja.

#2 Mzaramo wa Buguruni

Mkuu nimekusoma, ila unaongelea saa ambazo sisi hatuzigusi. Huku mtaani saa kubwa ndiyo saa. Nenda sherehe yoyote ya harusi, angalia meza ya kamati. Bwana harusi mwenyewe kavaa nini? Saa ndogo anavaa mtu ambaye hajui mjini kuna nini. Mimi naona itakaa miaka ishirini mingine.

#3 Fundi Majira

Mkuu, hoja yako ina uzito na nisingependa niipite juu juu. Ni kweli mtaani bado zipo, na bado zinauzika. Lakini ngoja nikueleze ninachokiona nikifungua mfuniko wa nyuma.

Saa ya milimita 48 ya bei ya machinga, ukiifungua, unakuta mashine ya betri ndogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili. Imekaa katikati ya pete nyeupe ya plastiki iliyojaza nafasi yote iliyobaki. Hiyo pete ndiyo sehemu kubwa ya saa. Mashine ile ile naikuta kwenye saa ya kike ya milimita 28. Yaani kiwanda kimenunua mashine moja ya bei rahisi, kikaizungushia plastiki na chuma, kikapandisha bei. Kwa nje unaweza kuitambua hata bila kufungua: tazama kidirisha cha tarehe. Kikiwa kimesogea karibu na katikati ya uso, mbali na ukingo, basi mashine ni ndogo na kasha ni kubwa. Tarehe haiwezi kukaa mbali kuliko diski yake inapofika.

Linganisha na zile Panerai za mwanzo zilizouzwa kwa raia. Ndani yake kulikuwa na mashine ya Unitas 6497, iliyobuniwa kwa ajili ya saa za mfukoni, upana wake zaidi ya milimita 36. Mashine peke yake ni sawa na Seiko 5 nzima. Ile saa ilikuwa kubwa kwa sababu kilichomo ndani ni kikubwa. IWC Portugieser vivyo hivyo: miaka ya mwisho ya 1930 wafanyabiashara wawili wa Ureno walitaka saa ya mkononi yenye usahihi wa saa ya meli, na njia iliyokuwepo ni kuchukua mashine ya saa ya mfukoni na kuifunga mkononi. Ukubwa ulitokana na haja.

Sasa kwa nini nasema mtaani nako zitaondoka? Kwa sababu hazitengenezeki. Kioo kikipasuka, mimi kwenye boksi langu nina vioo vya milimita 28 hadi 38, ndivyo vinavyotembea. Cha 43 sina, na jirani yangu hana. Mkanda ukikatika, sokoni kuna wa 18, 20 na 22. Wa 24 unautafuta, wa 26 unauota. Mteja anaambiwa kioo ni karibu na bei aliyonunulia saa, anaiacha hapo hapo mezani kwangu. Nina kopo limejaa saa za hivyo. Na zile Seiko ndogo za wazee? Wajukuu wanazileta, nazisafisha, natia mafuta, zinaondoka.

#4 Dada wa Ilemela

Naomba niongee kwa upande wetu, maana naona mnazungumza kama saa ni ya wanaume peke yao.

Kuna kipindi sisi tulivaa saa kubwa za kiume kwa makusudi, hasa zile za rangi ya dhahabu na dhahabu ya waridi zenye mishale mitatu midogo ndani. Ofisini kwetu karibu kila dada alikuwa nayo. Ilikuwa inapendeza, ilikuwa inafanya mkono uonekane mwembamba. Leo hii wenzangu wamerudi kwenye visaa vidogo vya mstatili vyenye mkanda wa ngozi, kama alivyovaa mama zamani akienda kazini. Mimi mwenyewe nimeitoa ya mama kwenye kabati, nikaenda kuwekewa betri, naivaa kila siku. Nyepesi, haigongi meza nikiandika, haikwaruzi kompyuta.

Na nimeona hata wanaume wameanza. Wasanii wa Marekani kama Tyler, the Creator wanavaa Cartier ndogo ambazo zamani mwanamume angeambiwa kavaa saa ya mkewe. Kwa hiyo Fundi namuunga mkono, ila naongeza hili: mwanamume akiona mwanamume mwenzake maarufu kavaa ndogo, woga unamtoka.

#5 Bakari wa Maskati

Salaam aleikum jamaa. Nipo Maskati mwaka wa kumi huu, nafuatilia mjadala.

Huku wazee wenye uwezo wanavaa Day-Date ya dhahabu ya milimita 36, na hawana habari na ukubwa. Zile saa alizokuwa akitoa zawadi marehemu Sultan Qaboos, zenye nembo ya jambia na panga mbili kwenye uso, nyingi ni za ukubwa wa kawaida wa zamani zile, na minadani Ulaya watu wanazigombania kwa fedha nyingi sana. Kwa hiyo thamani haifuati milimita.

Ila nina swali kwa Fundi. Wazungu wanasema saa kubwa imechosha kwa sababu haipiti chini ya mkono wa shati wenye kifungo. Sisi tunavaa kanzu, mkono wake ni mpana na hauna kifungo. Saa ya milimita 50 inaingia bila shida. Huoni kwamba sababu ya kuondoka kwake huko Ulaya si sababu kwetu?

#6 Fundi Majira

Wa aleikum salaam Bakari. Umegusa jambo muhimu.

Ni kweli hoja ya mkono wa shati ni ya nchi za baridi. Dar hapa sehemu kubwa ya mwaka tupo na mikono mifupi, saa iko nje saa zote, hakuna cha kuificha. Ndiyo maana saa kubwa ilipendwa haraka huku: inaonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Lakini sisi tuna adui mwingine, naye ni jasho. Saa kubwa ya bei nafuu mara nyingi kasha lake si chuma cha pua, ni aloi laini iliyopakwa rangi ya dhahabu juu. Kwa kuwa ni nzito na imelegea, inateleza juu na chini mkononi siku nzima. Geuza hizo saa uone: rangi inaanza kutoka upande wa nyuma, kwenye ukingo unaogusa ngozi, halafu kwenye zile pembe zinazoshika mkanda. Chini yake panatokea rangi ya kijivu, kisha vidoa vya kijani. Wateja wengine ngozi inawatoka vipele kwa sababu ya nikeli. Na kile kichwa cha kurekebishia majira kinawachoma nyuma ya kiganja kila wakikunja mkono, mpaka wengine wana alama. Saa inayokaa sawasawa mkononi haisuguani hivyo, na inadumu.

Kwa hiyo sababu ni tofauti, mwisho ni mmoja.

#7 Mkimbiaji wa Moshi

Fundi, samahani, hapa naona umesahau kundi kubwa. Saa janja. Mimi nakimbia, na nina saa ya milimita 51. Apple walipoitoa Ultra mwaka 2022 ilikuwa milimita 49, na watu wanaivaa mpaka kwenye suti. Garmin wana za 51. Hawa wote wamezoea kioo kikubwa mkononi. Saa ndogo itarudije wakati mkono umeshazoea kubwa?

#8 Fundi Majira

Sijalisahau, nilikuwa nasubiri mmoja wenu alilete, na nashukuru umelileta wewe unayeitumia kwa kazi.

Hiyo ndiyo saa kubwa ninayosema itabaki. Unahitaji betri ya kukaa siku nyingi ukiwa unapanda mlima, unahitaji ramani unayoweza kuisoma ukikimbia na jasho machoni, unahitaji antena ya satelaiti. Vyote hivyo vinadai nafasi. Ni mjukuu wa ile saa ya rubani ya 1940: imekuwa kubwa kwa sababu kuna mtu anaitegemea akiwa kazini.

Saa ya G-Shock ya Casio iko fungu hilo hilo. Mhandisi Kikuo Ibe wa Casio alijiwekea lengo la kutengeneza saa inayodondoka mita kumi bila kuharibika, inayohimili maji ya shinikizo la baa kumi, na betri ya miaka kumi. Ilitoka mwaka 1983. Ndani yake mashine imening'inizwa, imeshikwa sehemu chache tu, ili mshtuko usiifikie. Hiyo hewa iliyoizunguka ndiyo inayoifanya iwe nene. Ukitoa nafasi ile umeua saa. Mafundi ujenzi, madereva wa malori, askari, wote wataendelea nayo, na wala hawajui mtindo unasemaje mwaka huu. Ila hata Casio wamejua kupunguza: ile GA-2100 ya mwaka 2019 ni nyembamba, haifiki milimita 12 kwa unene, na iliuzika kwa wingi sana.

Kuhusu mkono kuzoea kubwa, hapo nakubaliana nawe nusu. Kioo cha saa janja kimewazoesha watu, na nadhani ndiyo maana hatutarudi kwenye milimita 31 za Calatrava. Naona mwanamume wa kawaida atatulia kati ya 36 na 41. Submariner ya Rolex, kwa mfano, mwaka 2020 iliongezwa kutoka 40 hadi 41, na pembe zake zikachongwa nyembamba ili isionekane imekua. Kuanzia 45 kwenda juu wabaki wenye kazi nayo.

#9 Mzaramo wa Buguruni

Nimerudi. Fundi, hapo kwenye kioo na mkanda umenigusa, nina moja kabatini ilipasuka kioo mwaka jana imelala. Lakini mitindo inazunguka. Bugaluu zilikufa, leo watoto wanavaa suruali pana tena. Saa kubwa si nazo zitarudi?

#10 Fundi Majira

Zinaweza kurudi, silikatai. Lakini suruali pana kijana wa leo anaikuta mtumba au anashona mpya kwa fundi, na ikimzidi inapunguzwa. Kasha la chuma halipunguzwi. Kwa saa kurudi, lazima ziwepo zilizobaki hai. Hizi za kupaka hazitakuwepo baada ya miaka thelathini, zitakuwa kwenye makopo ya mafundi kama mimi. Zitakazorudi ni zile chache zilizotengenezwa kwa mashine ya kweli.

Yako ilete, nikiona kasha ni chuma cha pua nitakutafutia kioo. Kama ni aloi nitakwambia ukweli.

#11 Mwalimu wa Korogwe

Wakuu, mjadala mzuri. Nina jambo la vitendo. Binti yangu anaolewa, familia imekubaliana tumpe mkwe saa. Sijui mkono wake vizuri, najua ni kijana wa wastani, mwembamba kidogo. Duka moja wameng'ang'ania nichukue ya 47 kwamba ndiyo ya heshima. Nisaidieni.

#12 Fundi Majira

Hongera sana Mwalimu, Mungu awabariki maharusi.

Usichukue ya 47. Mtumie binti kazi hii: achukue uzi, amzungushe mchumba wake mkononi pale saa inapokaa, kisha aupime uzi kwa rula. Halafu apime sehemu bapa ya juu ya mkono, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kuhesabu inapoanza kuteremka. Hicho kipimo cha pili ndicho muhimu. Mkono wa sentimita 16 au 17 mara nyingi una bapa ya milimita 50 hadi 55.

Ukifika dukani usiulize upana wa kasha peke yake. Uliza urefu kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini, zile zinazoshika mkanda. Huo urefu usizidi bapa ya mkono, na ukibaki pungufu milimita tano ni bora zaidi. Uliza pia kama kasha ni chuma cha pua chote, na mkanda ni wa 20, ili akija kuubadilisha aupate popote, hata Korogwe.

#13 Mwalimu wa Korogwe

Binti amejibu jioni hii. Mzunguko sentimita 16 na nusu, bapa milimita 52. Kuna moja ya milimita 40 nimeipenda, ya otomatiki, chuma cha pua. Itamfaa?

#14 Fundi Majira

Kwa upana inafaa. Lakini kuna saa za 40 zenye pembe ndefu zinazofika 50, na kuna za 40 zinazoishia 46. Nenda na rula, ipime mbele yao. Ikiwa 48 kushuka chini, lipa. Ikizidi hapo, waombe toleo la 38 la saa hiyo hiyo, kampuni nyingi sasa wanalo. Na kwa kuwa ni otomatiki, inayojijaza kwa mwendo wa mkono, mwambieni asiiache kabatini wiki nzima halafu aseme imekufa, ni kuivaa tu. Kadi ya dhamana hakikisha imeandikwa tarehe na imegongwa muhuri kabla hujatoka dukani.